Utafiti wa Sheria kwa Mwanafunzi wa Uzamili: Kutoka Swali Hadi Tanbihi

Kila muhula wa tasnifu unapokaribia, maswali ni yale yale. "Nianzie wapi?" "Hukumu nazipata wapi?" "Msimamizi anasema mada yangu ni pana, nifanyeje?" "Nimeandika kurasa arobaini, ananiambia bado sijafanya utafiti." Nimeyajibu kwenye simu, kwenye korido na kwenye makundi ya WhatsApp mpaka nikaona heri niyaandike mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako unayesoma Shahada ya Uzamili ya Sheria Tanzania. Nitatumia mada moja toka mwanzo hadi mwisho, mgawanyo wa mali za ndoa baada ya talaka, ili uone kila hatua ikifanyika. Wewe weka mada yako mahali pake. Ukiwa Kenya au Uganda, hatua ni hizo hizo; kitakachobadilika ni vyanzo.

Kwenye shahada ya kwanza ulipewa mkasa, ukataja kifungu, ukataja kesi, ukahitimisha. Sasa unatakiwa kuuliza swali ambalo jibu lake halijaandikwa, kisha uhakikishe mwenyewe kila unachokitegemea. Wengi swali wanalipata. Kwenye kuhakikisha ndipo wanapoanguka, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Andaa hivi kwanza

- Mwongozo wa tasnifu wa chuo chako. Usome kabla hujaandika sentensi hata moja, hasa sehemu ya rejea. Vyuo vingine vinataka OSCOLA (mtindo wa rejea za kisheria wa Chuo Kikuu cha Oxford), vingine vina utaratibu wao.
- Akaunti ya maktaba inayokuwezesha kuingia ukiwa nyumbani. Hifadhi kama HeinOnline na LexisNexis ni za kulipia, na ada unayolipa huenda tayari inagharimia mojawapo. Muulize mkutubi. Usiwaulize wenzako, maana nao hawajauliza.
- Zotero, programu ya bure ya kutunza rejea. Ijue katika wiki ya kwanza, usingoje mwezi wa mwisho.
- Daftari la utafutaji, la karatasi au la kompyuta. Kila ukitafuta, andika tarehe, mahali ulipotafuta, maneno uliyotumia na ulichopata. Ukiulizwa kwenye utetezi ulichaguaje hukumu zako, jibu liko humo.
- Sehemu mbili za kuhifadhi kazi, mojawapo iwe nje ya kompyuta yako.

Hatua ya 1: Punguza mada mpaka iwe swali

"Haki za wanawake Tanzania" ni rafu nzima ya maktaba. "Mgawanyo wa mali za ndoa" ni afadhali, lakini bado ni kichwa cha habari. Endelea kubana: "Tangu 1983, Mahakama ya Rufani imepimaje mchango wa kazi za nyumbani katika kugawa mali za ndoa Tanzania Bara, na kipimo hicho kinamwachia hakimu wa chini uhuru kiasi gani?"

Hapo una mahakama, kipindi, eneo la kisheria na jambo moja la kupima. Neno "Bara" nimeliweka makusudi. Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, haitumiki Zanzibar. Ukiandika "Tanzania" kwa ujumla, msahihishaji makini atakuuliza kuhusu Mahakama za Kadhi za Zanzibar na utakosa la kujibu.

Jaribio langu ni hili: je, swali lako linaweza kujibiwa "hapana"? Kama jibu limeshajulikana kabla ya kutafiti ("sheria ina mapungufu, irekebishwe"), hilo ni tamko. Rudi ubane tena.

Hatua ya 2: Soma walioandika kabla yako

Anza na vitabu, makala za majarida na tasnifu zilizopita, kisha ndipo uende kwenye hukumu. Wiki mbili au tatu zinatosha kwa mzunguko wa kwanza. Unachotafuta ni vitu viwili: wameafikiana wapi, na wamegombana wapi. Google Scholar itakuanzisha; hazina za tasnifu za vyuo vyetu zitakupa ambayo Google Scholar haina.

Angalizo: usikusanye rejea kutoka tanbihi za mtu mwingine ukazifanya zako bila kuvifungua vyanzo vyenyewe. Yeye akiwa amekosea namba ya kesi, na wewe utakosea namba ile ile, na msimamizi mzoefu anajua kosa limetoka wapi.

Hatua ya 3: Shika sheria yenyewe, hakikisha iko hai

Niliposoma mimi, sura yangu ya pili ilirudi ikiwa na duara jekundu kwenye kifungu nilichokinukuu kwa kurasa tatu. Kifungu kilikuwa kimefanyiwa marekebisho, na mimi nilikuwa nimesoma nakala ya zamani niliyorithi kwa rafiki. Kurasa tatu zote zikafutwa. Tangu hapo sinukuu kifungu bila kupita njia hii:

a) Jua uko kwenye toleo gani. Tumekuwa na Toleo la Urekebu (Revised Edition, yaani sheria zilizochapwa upya zikiwa na marekebisho yake) la 2002, sheria kadhaa zikapata Toleo la 2019, na sasa lipo Toleo la Urekebu la 2023 lililoanza kutumika Julai 1, 2025. Urekebu unaweza kubadilisha namba za vifungu. Kifungu cha mgawanyo wa mali, hukumu za miongo minne hukitaja kama cha 114. Kila unapokinukuu, linganisha maneno na toleo linalotumika. Usiridhike na namba.

b) Tafuta marekebisho yaliyokuja baada ya toleo hilo. Zikague zile sheria za marekebisho ya sheria mbalimbali zinazopitishwa karibu kila mwaka. Zinagusa sheria nyingi kwa mara moja na jina lake halikuambii zimegusa ipi. Inabidi uzifungue.

c) Tafuta kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo. Hizi hutoka kama Tangazo la Serikali na zina namba na mwaka wake.

d) Angalia kama mahakama imeshakigusa kifungu. Hapa wengi huteleza. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Z. Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Nakala za sheria zilizochapwa kabla ya hapo, nazo ndizo zimejaa kwenye meza zetu, bado zinasomeka kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayenukuu nakala peke yake anamweleza msomaji sheria ambayo mahakama imekwisha kuikataa.

Hatua ya 4: Tafuta hukumu

Mlango wa kwanza ni TanzLII, hifadhi ya bure ya hukumu na sheria inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania. Rejea zake zina herufi zinazokuonyesha mahakama: TZCA ni ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Kwa Kenya nenda Kenya Law, kwa Uganda ULII.

Ukitafuta, weka fungu la maneno ndani ya alama za kunukuu. Ukiandika maneno mawili bila alama hizo unaweza kuletewa hata hukumu ambazo maneno hayo hayako pamoja. Kisha badilisha maneno. Hukumu zetu nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo jaribu "matrimonial assets", halafu "matrimonial property", halafu "joint efforts" ambayo ndiyo lugha ya kifungu chenyewe. Jaribu na Kiswahili pia: "mali za ndoa", "mali zilizochumwa". Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hukumu za Kiswahili hutazipata kwa maneno ya Kiingereza. Nashauri utengeneze faharasa yako mwenyewe ya maneno hayo kwa lugha zote mbili. Itakusaidia tena wakati wa kuandika, usije ukaita kitu kimoja kwa majina matatu.

Usianze na Mahakama Kuu. Anza juu, Mahakama ya Rufani, hukumu za karibuni, kisha urudi nyuma ukifuata kesi wanazozitaja majaji. Kwa mada yetu, ukifungua Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Rufani ya Madai Na. 102 ya 2018, utaikuta mahakama ikisisitiza kwamba ukubwa wa mchango wa kila mmoja ni jambo la ushahidi. Ukifuata nyayo utafika kwenye shina lake, ambalo ni la 1983.

Hatua ya 5: Isome hukumu mpaka mstari wa mwisho

Shina hilo ni Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Rufani ya Madai Na. 9 ya 1983, iliyoripotiwa katika TLR (Tanzania Law Reports) ya 1983 kuanzia ukurasa wa 32. Hakuna mwanafunzi wa sheria ambaye hajaisikia. Mahakama ya Rufani ilijibu swali lililokuwa limewagawa majaji wa Mahakama Kuu: je, kazi za nyumbani za mke ni sehemu ya "juhudi za pamoja" zilizochuma mali? Ikasema ndiyo.

Sasa waulize wenzako kumi: Bi Hawa mwenyewe alipata nini? Nimeuliza swali hili mara nyingi, na wengi hujibu kwamba alipewa fungu la nyumba. Hakupewa. Mahakama ilikubali kanuni, kisha ikaangalia mwenendo wake katika ndoa, ikiwemo fedha alizopewa na mume za kuanzishia biashara na jinsi alivyozitumia, ikaona kwamba mwenendo huo umeufuta mchango wake wote. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akashindwa.

Kwa anayeandika tasnifu hiyo ni dhahabu. Maana yake mchango wa kazi za nyumbani, tangu siku ulipotambuliwa, ulitambuliwa pamoja na mlango wa kuufuta. Je, mahakama za leo bado zinaufungua mlango huo? Hilo lingeweza kuwa swali la tasnifu nzima, na asingeliona kamwe mtu aliyesoma muhtasari wa mistari minne.

Kwa kila hukumu jaza kadi moja:

- Majina, namba ya kesi, mahakama, idadi ya majaji, tarehe.
- Nani alimshtaki nani, akitaka nini, na ngazi za chini ziliamuaje.
- Swali ambalo mahakama ililazimika kulijibu.
- Jibu, na sababu iliyolibeba jibu hilo. Andika ukurasa.
- Maneno mengine ya jaji ambayo hayakuhitajika kufikia jibu. Yatenge. Yanashawishi, hayafungi.
- Amri ya mwisho: nani aliondoka na nini.
- Hali yake leo (hii utaijaza katika hatua inayofuata).

Kadi moja nzuri huchukua saa moja au zaidi. Kadi thelathini za namna hiyo zinazidi hukumu mia mbili ulizozipakua na kuzilundika kwenye folda.

Hatua ya 6: Ifuatilie ilifika wapi

Hukumu ya Mahakama Kuu inaweza kuwa imekatiwa rufani na kutenguliwa. Hukumu ya Rufani inaweza kuwa imetofautishwa au kuachwa na jopo kubwa zaidi. Chukua jina la kesi, liweke kwenye alama za kunukuu, ulitafute kwenye hukumu zote zilizokuja baadaye. Ukurasa wa hukumu kwenye TanzLII unaweza kukuonyesha nyaraka zilizoitaja, lakini fanya utafutaji wako pia, kwa sababu majina huandikwa kwa tahajia tofauti. Sefu huandikwa Seif, Ephrahim huandikwa Ephraim. Tafuta na kwa namba ya kesi.

Hatua ya 7: Ukilinganisha na nchi nyingine, linganisha na sheria yake

Kenya inavutia sana kwa mada hii. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika JOO dhidi ya MBO, ilisema usawa wa wanandoa hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja athibitishe mchango wake. Wanafunzi huinukuu na kupiga hatua mbele. Lakini Kenya ina ibara ya 45(3) ya Katiba ya 2010 inayotaja usawa ndani ya ndoa, tena ina Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013 inayotaja waziwazi kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata kuwa pamoja na mwenzi kuwa ni mchango. Kifungu chetu cha 1971 kinasema mchango wa fedha, mali au kazi, kisha kinaiagiza mahakama ielemee usawa. Weka maandishi ya sheria zote mbili ubavu kwa ubavu kabla hujaweka hukumu.

Na Uingereza? Sheria inayosimamia matumizi ya sheria, Sura ya 358, ilipokea sheria za Uingereza kama zilivyokuwa Julai 22, 1920. Uamuzi wa London wa mwaka juzi unaweza kukupa hoja nzuri, ila usiuandike kana kwamba unamfunga hakimu wa Singida.

Hatua ya 8: Kama unakwenda uwandani

Si lazima. Swali letu linaweza kujibiwa kwa sheria na hukumu tu. Ukihitaji kuhoji mahakimu au kusoma majalada, anza taratibu za kibali mapema sana: barua ya chuo, kisha ruhusa ya mahakama husika. Majalada ya talaka yana majina ya watoto na siri za familia. Tumia alama badala ya majina tangu siku ya kwanza ya kunakili, na usome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kabla hujapiga picha ukurasa wowote.

Hatua ya 9: Andika ukiwa unasoma, tanbihi papo hapo

Sentensi isiyo na tanbihi leo haitapata tanbihi kesho. Weka namba ya ukurasa au aya, siyo jina la kesi tu. Maneno uliyoyanakili kama yalivyo yawekee alama za kunukuu hata kwenye daftari lako la siri. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka yalikuwa ya nani.

Kuhusu akili mnemba

Naulizwa hili kila wiki, kwa hiyo nalijibu kwa urefu kidogo. Programu hizi zinaweza kukusaidia kupata maneno ya kutafutia au kunyoosha sentensi, kama chuo chako kinaruhusu. Kutafuta kesi usizitegemee. Zinaweza kukutungia jina la kesi, namba, mwaka na hata nukuu ya jaji, vyote vikiwa na sura ya kweli. Juni 2023 mahakama ya shirikisho New York, katika Mata v. Avianca, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zisizokuwepo zilizotoka ChatGPT. Hukumu zetu ni rahisi zaidi kutungwa, kwa sababu mashine hizo zimesoma chache. Kesi usiyoifungua kwa mkono wako usiiandike.

Ukikwama

*Hukumu haipo mtandaoni.* Za miaka ya 1960 hadi 1980 nyingi zimo kwenye vitabu: TLR, EA (East Africa Law Reports), na HCD (High Court Digest). Nenda kwenye rafu. Kumbuka kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza 1979. Hukumu za rufani za kabla ya hapo ni za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo zitafute kwenye EA.

*Matokeo ni mia nne.* Punguza kwa mahakama, kisha kwa miaka, kisha ongeza fungu la pili la maneno. Zikibaki nyingi bado, swali lako bado ni pana. Rudi Hatua ya 1.

*Matokeo ni sifuri.* Usikimbilie kuandika "hakuna aliyetafiti jambo hili". Mara nyingi umetumia neno ambalo majaji hawalitumii. Fungua hukumu moja unayoijua, uone wao wanaliitaje.

*Hukumu mbili zinapingana.* Angalia ngazi ya mahakama, idadi ya majaji, kisha tarehe. Kama zote ni za Mahakama Kuu, jaji mmoja hamfungi mwenzake, na mgongano huo ndio unaotakiwa kuuandikia. Usiufiche.

*Msimamizi hajibu.* Usimtumie sura nzima ukaandika "naomba maoni". Tuma ukurasa mmoja wenye maswali mawili yanayojibika kwa ndiyo, hapana au sentensi moja. Umwamkie kwa heshima, utaje tarehe unayohitaji jibu, ukumbushe baada ya wiki.

*Sijui niache kusoma lini.* Hukumu mpya unazozifungua zikianza kutaja zile zile ambazo tayari una kadi zake, na makala mpya zikigombania jambo lile lile ulilokwisha kuliandika, umefika. Andika kwenye daftari tarehe ya utafutaji wa mwisho, ufunge. Wiki moja kabla ya kuwasilisha, rudia Hatua ya 3 na ya 6 kwa vifungu na kesi zinazobeba hoja yako kuu tu.